Kumkuza Kijana Anayeruka Viunzi kwa Farasi: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Nyanda za Juu Kusini

Swali la kwanza kuhusu kijana anayeruka viunzi huwa ni "sasa anaruka sentimita ngapi?" Jibu lake halisemi mengi. Farasi mwema wa kilo 450 anaweza kumvusha kijana asiyejua kitu juu ya kiunzi cha mita moja, leo na kesho, hadi siku atakayochoka kuokoa jahazi. Tofauti kati ya kijana anayepanda madaraja ya mashindano na anayebaki palepale iko kwenye mwendo kati ya kiunzi kimoja na kingine: kanta, yaani ile shoti ya polepole yenye mapigo matatu, isiyobadilika, kona zisizolegea, na jicho linalojua kiunzi kiko hatua ngapi mbele. Urefu hupandishwa mwisho, hayo mengine yakishakaa.

Kwa anayeishi Iringa, Mafinga, Mufindi au Mbeya, hili lina uzito zaidi. Farasi ni wachache, wengi wako mashambani, na hakuna mashindano ya kila wiki ya kumwonyesha kijana amefika wapi. Itabidi umpime nyumbani, kwa futi kamba na saa.

Kipimo cha kwanza: mwendo bila viunzi

Pima mita 65 kwenye sehemu tambarare, weka alama kila mwisho. Kijana apite kwa kanta, nawe upige saa. Akitumia sekunde 12, anakwenda mita 325 kwa dakika, mwendo unaotumika sana kwenye madaraja ya chini. Mita 70 kwa sekunde 12 ni mita 350 kwa dakika, mwendo wa kawaida wa madaraja ya juu zaidi. Vijana wengi wakiambiwa waende 350 kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa kuwa wamezoea kwenda kama 280 na kudhani ndiyo kanta. Mwendo huo mdogo ndio unaoangusha fito: farasi hana nguvu ya kujinyanyua, basi anafika karibu mno na kugonga kwa miguu ya mbele. Rudia hadi kijana aseme mwenyewe, kabla hujamtajia saa, kama amepita kwa sekunde 11, 12 au 14.

Kisha laza fito mbili chini, mita 18 kutoka moja hadi nyingine. Azipite kwa kanta akihesabu kwa sauti. Farasi wa kawaida ataweka hatua tano. Sasa aombe hatua nne, kwa kufungua mwendo kabla ya ufito wa kwanza, si baada yake. Halafu hatua sita, kwa kukaa wima na kufupisha kanta bila kuiua. Anayeweza 5, 4, 5, 6, 5 kwa mpangilio huo, akizunguka kushoto na kulia, bila farasi kuinua kichwa wala kuangukia troti, yaani mchakamchaka wa mapigo mawili, ana breki na mafuta. Asiyeweza hana sababu ya kuongezewa hata sentimita tano.

Zoezi la tatu ni duara la mita 20 lenye fito nne, moja kila robo. Hesabu ya hatua iwe sawa kwenye kila robo, nne au tano. Ikitoka 4, 5, 4, 6, duara limekuwa yai. Mara nyingi kosa ni mkono wa ndani unaovuta huku mguu wa nje ukiwa umelala.

Uwanja na vifaa

Kupata miti si tatizo katika ukanda huu. Fito za msindano kutoka upande wa Mafinga, zenye urefu wa mita 3 hadi 3.5 na unene wa sentimita 9 hadi 10, zinafaa. Mkaratusi ni mzito mno, hasa ukiwa mbichi. Farasi akiugonga unaumiza, na baada ya hapo anaanza kugoma. Ufito mwembamba kama wa kujengea banda la kuku nao ni mbaya kwa sababu farasi hauheshimu. Toa magome, piga randa hadi usiwe na kijiti cha kuchoma, paka rangi kwa mistari mipana. Farasi hatofautishi nyekundu na kijani kama sisi, kwa hiyo ufito mwekundu juu ya nyasi humpotea. Nyeupe, bluu na njano humsaidia.

Vishikilio vya ufito viwe na kina cha milimita 18 hadi 20, ili ufito uanguke ukiguswa. Msumari mrefu uliopigwa kwenye nguzo hauruhusu hilo, na ndio unaopasua mguu. Ufito wa nyuma wa oksa, kiunzi chenye upana, unahitaji vishikilio vya usalama vinavyoachia mzigo ukija kutoka juu. Kama hunavyo, usijenge oksa ya kuzidi sentimita 80, na ufito wa nyuma uukalishe kwenye ubao bapa. Matundu ya nguzo yaachane sentimita 5. Toa vishikilio vyote visivyobeba ufito. Farasi na mtu huchanwa na vile vilivyosahauliwa.

Ardhi ndiyo inayogharimu. Kuanzia Julai hadi Oktoba udongo mwekundu wa Iringa unakuwa kama sakafu, na kuurukia kila siku kunaumiza kwato na viungo. Mvua zikianza, udongo uleule unateleza. Suluhisho la kudumu ni msingi ulioshindiliwa wenye mteremko mdogo wa asilimia 1 hadi 2 wa kuondoa maji, na juu yake mchanga wa sentimita 8 hadi 10. Ukizidi 12, misuli ya nyuma ya miguu inaumia. Usipokuwa na uwezo huo, chagua nyasi zilizoshika vizuri, hamisha viunzi kila wiki ili sehemu za kutulia zisichimbike, na kwenye ardhi ngumu fanya mazoezi ya fito za chini tu. Vumbi la mbao likilowa linateleza, usilimwage uwanjani. Maranda ya bandani yatoke kwenye mbao zisizowekwa dawa; kiwanda kinachotibu nguzo za umeme hakifai.

Umbali, ambako kazi yenyewe ipo

Hatua moja ya kanta ya farasi anayeshindana ni kama mita 3.6. Ananyanyuka karibu mita 1.8 kabla ya kiunzi na kutua karibu mita 1.8 baada yake, yaani nusu hatua kila upande. Ndiyo maana mtu anayetembea hatua za sentimita 90 huhesabu hatua zake nne kuwa hatua moja ya farasi, kisha anaongeza mbili za kutua na mbili za kunyanyuka. Mfundishe kijana hatua hiyo ya sentimita 90. Chora mistari kwenye varanda na aitembee kila siku hadi miguu ijue yenyewe. Kijana wa miaka 13 bado ana miguu mifupi, na akirefuka kwa ghafla likizo moja hatua yake inabadilika; mpime upya.

Nyumbani, kwa viunzi vya sentimita 70 hadi 80 na farasi wa kawaida, tumia umbali mfupi kidogo kuliko wa mashindano ya mita moja na kuendelea:

Hatua moja: nyumbani mita 6.7 hadi 7.0, mashindanoni mita 7.3 hadi 7.6.
Hatua mbili: nyumbani 10.0 hadi 10.3; mashindanoni 10.4 hadi 10.8.
Hatua tatu: nyumbani 13.4 hadi 13.8, mashindanoni 14.2 hadi 14.6.
Hatua nne: nyumbani 16.8 hadi 17.3, mashindanoni 17.7 hadi 18.3.
Hatua tano: nyumbani 20.2 hadi 20.8, mashindanoni 21.3 hadi 21.9.

Poni, yaani farasi asiyezidi sentimita 148 begani bila viatu, anahitaji kupunguziwa zaidi, na hapo mwendo wake mwenyewe ndio utakaokuambia kiasi gani. Kupanda mlima kunafupisha hatua, kuteremka kunarefusha. Tope hufupisha. Farasi akielekea geti au banda hurefusha bila kuombwa. Mashambani kwetu uwanja wenye mteremko ni jambo la kawaida, basi usishangae mita 18 kati ya viunzi zikiwa hatua nne upande mmoja na nne na nusu upande wa pili. Mwonyeshe kijana tofauti hiyo kwa makusudi, maana viwanja vya mashindano navyo si sakafu ya ukumbi.

Mfululizo mmoja wa viunzi vilivyokaribiana ukijengwa vizuri unafundisha mengi kuliko kozi nzima, yaani viunzi vyote vya uwanja vinavyorukwa kwa mpangilio. Anza na fito tatu za troti, mita 1.3 kati yake. Mita 2.6 mbele weka kiunzi cha msalaba cha sentimita 50. Mita 5.5 baada yake, kiunzi wima cha sentimita 60 hadi 70. Mita 6.4 tena, oksa ya sentimita 75 kwa urefu na 75 kwa upana. Kijana anaingia kwa troti, umbali unamletea kila kiunzi mahali pake, naye anabaki na kazi ya kukaa sawa. Jenga kipande kwa kipande: fito peke yake, kisha msalaba, kisha wima, mwisho oksa. Ukiona farasi anaikaribia oksa mno, usiseme "mwendeshe". Tazama kwanza kama kijana ameingia kwa troti ya mbio, kwa sababu hiyo humtupa farasi mbali baada ya msalaba na kubana nafasi zote zinazofuata. Mara sita hadi nane kwa siku zinatosha. Farasi akishafanya vizuri mara mbili mfululizo, acha.

Lini kupandisha

Kanuni inayofanya kazi ni hii: kozi ya viunzi nane kwenye urefu uleule, siku tatu tofauti, bila kugoma hata mara moja, bila kuangusha zaidi ya ufito mmoja kwa siku, na saa ikionyesha mwendo haukupungua kuelekea mwisho. Hapo ongeza tundu moja, sentimita 5. Panua oksa kabla ya kuinyanyua. Kijana ashindane kwenye urefu ulio chini kwa sentimita 10 kuliko anaorukia nyumbani kwa raha, kwa kuwa uwanja mgeni, bendera na watu humla farasi sentimita hizo kumi bila kukuuliza.

Wazazi hulipinga hili zaidi kuliko vijana wenyewe. Mtoto wa jirani anaruka mita 1.10, wetu bado 80. Basi na iwe hivyo.

Yanayoharibika, na sababu zake

Miguu ya mbele inaangusha: amefika karibu mno, mwendo umekufa, au kijana amelala shingoni kabla farasi hajanyanyuka. Hili la mwisho ndilo ugonjwa mkuu wa umri huu. Kijana anaona kiunzi, anaogopa kuachwa nyuma, anatangulia. Uzito wote unaangukia mabega ya farasi pale anapotaka kuyainua. Weka ufito chini mita 2.7 kabla ya kiunzi na umwambie asubiri shingo ije kwake. Fupisha vikuku, vile vya kukanyagia kwenye tandiko, matundu mawili au matatu kuliko vya mazoezi ya kawaida. Vikuku virefu humfanya asimame kwa vidole, na anayesimama kwa vidole lazima aanguke mbele.

Miguu ya nyuma inaangusha: ameketi mapema wakati mgongo wa farasi bado uko juu, au farasi amekwenda bapa kwa kasi. Mwambie ahesabu "moja" baada ya kutua ndipo aguse tandiko.

Kuvuta hatamu katika hatua tatu za mwisho ni kosa lenye sura ya tahadhari. Kijana hauoni umbali, anavuta, farasi anainua kichwa na kupoteza kiunzi machoni. Marekebisho yote ya mwendo yafanyike kwenye kona. Toka kwenye kona, macho juu ya ufito wa juu, mikono ikae, miguu ibane, basi. Akikosea umbali kwa kanta nzuri, farasi ataurekebisha. Akikosea kwa kanta mbovu, hakuna wa kuurekebisha.

Farasi akigoma, usikimbilie fimbo. Amegomea wapi? Kushoto daima, yaani anakwepa mguu dhaifu wa kushoto wa kijana? Kiunzi kipya tu, yaani hajakiona? Au amegomea viunzi alivyokuwa akivipita wiki iliyopita? Hilo la tatu ni maumivu hadi ithibitike vinginevyo. Kagua mgongo kwa vidole, meno, kwato na tandiko. Kijana anapokua, tandiko linambana naye anasukumwa nyuma, uzito unakaa kwenye kiuno cha farasi. Nyuma ya makalio yake ibaki nafasi ya vidole vinne. Mpandaji pamoja na matandiko wasizidi asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa farasi, na aliyekuwa kilo 45 mwaka jana huenda sasa ni 60.

Kofia ngumu isiwe ya bodaboda. Ni nzito kwa shingo na haikutengenezwa kwa kuanguka kwa aina hii. Tafuta yenye alama ya PAS 015, ASTM F1163 au EN 1384, na uitupe baada ya kishindo kimoja hata kama haina ufa. Kijana aliyeangukia kichwa hapandi tena siku hiyo, hata akilia. Akitapika, akirudia swali lilelile au akisinzia, aende hospitali mara moja.

Wiki, shule na likizo

Wiki ya kawaida ya farasi anayeshindana: siku moja ya kupumzika malishoni, siku mbili za mazoezi bila viunzi, siku moja ya matembezi ya milimani kwa saa moja hadi moja na nusu, siku moja ya mfululizo mwepesi, siku moja ya kozi au sehemu ya kozi, na siku moja ya kanta ndefu za kujenga pumzi, kwa mfano dakika nne mara tatu, na dakika tatu za kutembea katikati. Mfano wa siku ya kozi: kuruka 25 hadi 30, zikiwemo za kupasha moto. Asubuhi za baridi na ukungu za Juni na Julai kule Mufindi, ongeza dakika kumi za kutembea kabla ya troti.

Shida kubwa ni shule ya bweni. Kijana yuko mbali miezi, anarudi likizo ya Juni na ya Desemba, anataka kurukia alipoachia. Wakati hayupo, saisi, yaani mtunza farasi, ndiye anayeshikilia kila kitu: amwendeshe farasi mara nne kwa wiki, matembezi na fito za chini, bila viunzi vikubwa. Kijana akirudi, wiki ya kwanza isiwe na viunzi; miguu yake imelala hata kama ya farasi haijalala. Wiki ya pili mifululizo, ya tatu kozi ya urefu ulio chini kwa sentimita 15 kuliko wa likizo iliyopita, ya nne mashindano ya nyumbani. Mwaka wa mtihani wa kidato cha nne usipange lolote kubwa baada ya Agosti.

Na kijana amwamkie saisi shikamoo, kisha amsikilize. Huyo ndiye anayejua kama farasi ameacha chakula jana usiku au ameanza kukwepa kufungwa mkanda wa tumbo. Kijana anayefika farasi akiwa tayari ametandikwa na kuondoka kabla hajakauka jasho hujinyima nusu ya elimu.

Chakula na magonjwa ya ukanda wetu

Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 za majani makavu kwa siku, majani ya Rhodes yakiwa bora. Chakula cha nafaka kisizidi kilo 2 kwa mlo mmoja. Chumvi gramu 30 hadi 50 kwa siku, zaidi siku za jasho. Seteria na kikuyu zinazostawi huku zina oksaleti inayofunga kalisi. Farasi anayekula hizo peke yake, tena na pumba nyingi yenye fosforasi, mifupa inadhoofika na uso unavimba. Ongeza alfalfa au chokaa ya mifugo. Lusina, ule mti ambao mbuzi huupenda, humnyonyoa farasi manyoya ya shingo na mkia na kupasua kwato.

Mahindi ni mengi kwetu, na hapo ndipo hatari ilipo. Mahindi yaliyoota ukungu na pumba zake yanaweza kuwa na sumu inayoharibu ubongo wa farasi ndani ya siku chache, na hakuna dawa ya kuurudisha. Usimpe kabisa yaliyokataliwa na watu. Chakula cha kuku nacho kisikae chumba kimoja na cha farasi: baadhi kina monensini, dawa ambayo kiasi kidogo tu huua moyo wa farasi. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe. Yenye amitraz husimamisha utumbo wa farasi. Muulize daktari wa mifugo akupe ya aina nyingine, na kupe watafutwe masikioni na chini ya mkia kila jioni.

Ugonjwa wa farasi wa Afrika huletwa na visubi vidogo mno, vinavyopenya hata chandarua cha kawaida, kati ya machweo na asubuhi. Ingiza farasi bandani kabla jua halijazama, mtoe likishapanda. Kipindi kibaya ni mwishoni mwa mvua, Machi hadi Mei. Chanjo hutolewa kila mwaka, dozi mbili zilizoachana wiki tatu au zaidi, na ipangwe baada ya msimu wa mashindano, Septemba au Oktoba, kwa sababu baada ya kila dozi farasi apewe kazi nyepesi kwa muda atakaosema daktari. Anayechanja Mei ili ashindane Juni ameharibu vyote viwili.

Safari na siku yenyewe

Kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam unateremka Kitonga na kukatiza Mikumi. Kitonga, gari liende gia ya chini toka juu, kwa maana farasi anajishikilia kwa miguu kila unapogusa breki, na atafika amechoka kama aliyeruka kozi mbili. Mikumi kuna mbung'o. Pakaza dawa ya kufukuza kabla, na usisimame. Funga kamba ndefu ya kutosha ashushe kichwa. Aliyefungwa kichwa juu masaa mengi hukusanya makamasi mapafuni na kupata homa ya safari. Simama kila masaa matatu au manne, mpe maji. Kutoka baridi ya mita 1,600 hadi joto la pwani, mpe siku tatu kabla ya kushindana.

Kuvuka mpaka na farasi kuna vibali, vipimo na karantini, na kwa wengi haiwezekani. Njia rahisi ni kijana kwenda Kenya au Zambia na tandiko lake na kupanda farasi wa kuazima. Huo ni ujuzi wa kufundishwa. Kwenye pentathloni ya kisasa, hadi Olimpiki ya Paris 2024, wanamichezo walipewa farasi wasiyemjua na dakika 20 za kumzoea. Mfundishe kijana dakika 20 hizo: tano za kutembea na troti, kujua kama mdomo ni mwepesi, tano za kanta, kurefusha na kufupisha, kisha msalaba, wima, oksa, wima. Asibadilishe lijamu, asimlaumu farasi mbele ya mwenyewe. Kwa umri, daraja la kimataifa la vijana linaloitwa Junior huanzia mwaka anaotimiza 14 hadi mwisho wa mwaka anaotimiza 18.

Siku ya kushindana, kozi itembewe mara mbili: kwanza njia nzima, pili umbali peke yake. Kijana asimame kwenye kila kona na kutazama kiunzi kama farasi atakavyokiona. Asome muda ulioruhusiwa; kozi ya mita 400 kwa mwendo wa 350 ni sekunde 69. Kupasha moto kuanze dakika 30 hadi 40 kabla: kutembea, troti, kanta, kisha kuruka nane hadi kumi na mbili, ya mwisho ikiwa wima. Bendera nyekundu ibaki kulia hata uwanja wa kupashia moto. Kengele ikilia ana sekunde 45 za kuanza. Atumie 20 kati yake kutafuta kanta yake. Ufito ukianguka ni pointi 4, kugoma mara ya kwanza 4, na kukata njia yako mwenyewe kwa duara kati ya viunzi huhesabiwa kugoma. Mara ya pili, kwa kanuni za kimataifa, ni nje. Mashindano madogo mengine huruhusu hadi ya tatu, hivyo soma kanuni zao. Kuanguka ni nje.

Raundi ya kuamua mshindi asiiingie kwa kasi hadi ameshamaliza raundi tano safi za kwanza kwenye urefu huo. Muda hupatikana kwenye kona fupi, si kwenye mbio. Akikimbiza, farasi hurudi nyumbani akiwa amejifunza kukimbiza, na kulifuta hilo huchukua miezi.

Baada ya raundi, tembea dakika kumi na tano, mwagia maji, ukipangusa kila mara, kisha hesabu moyo: ndani ya dakika 15 ushuke chini ya 64 kwa dakika. Kesho yake asubuhi, saisi amkimbize kwa troti mita 30 kwenye ardhi ngumu, kijana akitazama kichwa kama kinapiga kwa mguu mmoja, dalili ya kuchechemea. Pima joto asubuhi na jioni kwa siku tatu, likifika 38.5, mpigie daktari kabla hujafikiria safari ya kurudi.